Mkono Uliokosa Idhini

Jumanne, 3 Machi 1998

Barua ya Bi Mathilde imerudishwa. Imerudishwa! Kwa miaka kumi na tisa niliyokaa mezani pangu, barua zangu zimekataliwa kwa sababu nyingi — muhuri umekosekana, mkubwa yuko safarini, vita — lakini haijapata kurudi hata moja kwa kosa la mwandiko.

Alikuja ameishika bahasha kwa ncha za vidole kama mtu aliyebeba samaki aliyeoza. Ni mjane. Anaomba arejeshewe nyumba yake ya Mutanga Nord, hapa Bujumbura, ambamo sasa wamo watu asiowajua. Karani hakuumaliza hata mstari wa kumi. Aliinua karatasi dirishani, akacheka, akamwuliza: "Mama, hii ni barua ama ni mayai ya chawa?"

Niliitazama mwenyewe. Mstari wa kwanza: herufi zangu, zimenyooka, zina heshima zao. Wa nne: ndogo. Wa kumi: mchanga. Sikumbuki kuandika hivyo. Naapa sikumbuki.

Mathilde alinihurumia, jambo lililoniumiza kuliko kicheko cha karani. "Muzee Djibril, ni macho tu imechoka. Tafuta miwani." Si macho. Nilimwandikia upya, mkono wa kushoto ukiushikilia wa kulia. Saa mbili nzima kwa ukurasa mmoja.

Nyumbani mke wangu, Mama Assia, aliniuliza nimenunia nini. Sikununa. "Basi uambie uso wako," alisema.

Alhamisi, 5 Machi 1998

Mkono wa kulia unatikisika zaidi. Ajabu yake ni hii: hutikisika ukiwa umepumzika. Nikishika kikombe, unatulia. Nikikiweka, unaanza tena, kidole gumba kikisuguana na cha shahada kama mtu anayehesabu tasbihi isiyokuwapo.

Atumani fundi, jirani yetu hapa Buyenzi, aliuchungulia kutoka chini ya lori. "Kaka, hiyo ni ralenti. Gari imesimama, injini inatetema. Ukikanyaga mafuta inatulia. Lete nikukazie buji!" Buji kwao ni plagi. Vijana wake wakacheka. Nikacheka nami, kwa adabu. Uso haukucheka. Niliuhisi haukucheka.

Shemeji Sijaona anasema ni jini, nisomewe. Mama Assia amekata shauri: daktari kwanza, jini atangoja.

Jumamosi, 7 Machi 1998

Tumekwenda Gihosha, kwenye zahanati ya Daktari Népomuscène, ambaye alisomea mambo ya ubongo Ulaya kabla ya vita. Mama Assia alinisindikiza.

Mlangoni pake — aibu. Miguu ilikataa. Hapakuwa na maumivu wala udhaifu. Nyayo zilishikamana na sakafu kana kwamba zimepigiwa misumari. Nyuma yangu watu watatu wanangoja. Mmoja wao, kwa sauti: "Huyu anataka akaribishwe na tarumbeta?" Mama Assia alinisukuma kiunoni, nikavuka.

Daktari hakuutazama mkono. Alitazama namna nilivyoketi. Kisha akaniamuru nigonganishe kidole gumba na cha shahada mara ishirini, upesi. Za mwanzo zilikuwa pana. Kisha ndogo, ndogo zaidi, kisha basi. Akaniambia niandike sentensi. Alipoona herufi zinavyosinyaa alitikisa kichwa polepole, kama aliyekutana njiani na mtu anayemfahamu.

Halafu swali ambalo sikulitarajia. "Muzee, ni tangu lini husikii harufu ya ndagala?"

Dagaa wa ziwa letu. Ndagala! Buyenzi nzima hunuka ndagala zinapoanikwa. Nilirudi nyuma mwaka hadi mwaka. Tangu mwisho wa mwaka 1993. Siku zile hakuna aliyethubutu kwenda ziwani, sokoni hapakuwa na samaki, nami nilidhani vita vimeondoka na harufu. Samaki walirudi. Kwangu harufu haikurudi. Daktari alisema ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia wakati huo, kimya, miaka kabla ya mkono kutikisika.

Unaitwa Parkinson. Alinitajia herufi moja moja.

Maelezo yake nayahifadhi hapa kwa usahihi. Ndani kabisa ya ubongo, chini, pana mahali padogo peusi — peusi kwa kuonekana, wanaopasua maiti hupaona kwa macho. Chembechembe za hapo hutengeneza kitu kiitwacho dopamini. Dopamini haitoi amri ya kuinua mkono. Amri hutoka juu zaidi. Ila kati ya amri na mkono kuna idara nzima ambayo kazi yake ni kuzuia na kuachilia: mwendo huu upite, ule usubiri, huu uwe na ukubwa kiasi hiki. Dopamini ndiyo inayoifanya idara iachilie. Ikipungua, kuzuia kunashinda. Na mtu haoni dalili za mwili mpaka sehemu kubwa ya chembechembe zile ziwe zimekwisha kufa. Misuli yangu, alisema, ni mizima kabisa.

Nilimwomba ruhusa nirudie kwa maneno yangu. Nikasema: barua imeandikwa sawasawa, mjumbe yupo mlangoni na miguu yake mizima, ila mgonga muhuri hayupo kazini. Daktari alicheka hata akavua miwani. "Voilà, muzee! Wako wachache wamebaki, lakini wamechoka."

Jambo la mwisho. Mwendo wa mazoea — kutembea, kupepesa macho, kutia saini — hupita katika njia hiyo iliyoharibika. Mwendo unaofikiriwa hatua kwa hatua unayo njia nyingine. Alichora mistari mitano ya chaki sakafuni. Vuka mmoja mmoja, alisema. Nikavuka! Kama askari wa gwaride! Mama Assia alijifunika mdomo.

Nilifarijika. Mimi sikupata kufanya jambo lolote kwa mazoea. Hata Kiswahili hiki sanifu nilijifunza kwa kitabu cha sarufi kisicho na jalada, nilipokuwa mbeba mizigo bandarini, sura moja kila juma.

Dawa hazipatikani, kwa sababu ya embargo, vikwazo vya nchi jirani. Anazo chache zilizopitishwa mpakani Gatumba kutoka upande wa pili, Kongo. Amenipa vidonge vinne. Nusu kila asubuhi, bila maharage na bila nyama, kwa kuwa vyakula hivyo huizuia dawa isifike kichwani.

Jumapili, 8 Machi 1998

Saa mbili: nusu kidonge. Saa tatu: mkono umetulia. Nimeandika kurasa mbili, herufi kubwa, mikia yake mirefu. Nimejitazama kiooni — nimetabasamu na uso umetii. Saa saba dawa imekwisha nguvu, nami nimerudi nilipokuwa.

Mama Assia kuhusu maharage: "Bujumbura hii, ukiondoa maharage, mutu anabaki na nini? Hewa? Haya, nitakupikia hewa. Na chumvi."

Jumatano, 11 Machi 1998

Ijumaa nitapanda tena Gihosha kwa daktari, kuomba vidonge vingine. Njiani kuna bariyeri ya askari. Mtu anayetetemeka mbele ya bariyeri hufikiriwa mabaya. Nimeona ni busara nijitayarishie hati, nayo nimeinakili hapa:

KWA YEYOTE MWENYE MAMLAKA. Mimi niliyetajwa hapo chini, kwa heshima na taadhima, natoa taarifa kwamba kutetemeka kwa mkono wangu wa kulia hakutokani na woga, wala ulevi, wala nia mbaya, bali ni maradhi ya ubongo yaliyothibitishwa na daktari. Naomba nipewe muda kidogo wa kutekeleza kila nitakaloamriwa.

Sentensi ya mwisho nimeifikiria muda mrefu. Nadhani ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kuandika.

Niliiandika jioni, dawa ikiwa imekwisha nguvu zamani. Imetoshea robo ya karatasi. Nimeikunja mara nne, ipo mfuko wa ndani wa koti.

Ijumaa, 13 Machi 1998

Sijui nianzie wapi. Nianze kwa mpangilio.

Baada ya swala nilipanda basi. Kwenye bariyeri tulishushwa sote, kama kawaida: msafara mmoja, kila mtu karangamuntu yake mkononi, imeinuliwa juu, unatembea hadi kwa askari. Kitambulisho changu kilikuwa kinapepea kama jani. Askari kijana aliniona tangu mbali.

"We muzee! Unatetema nini? Umebeba nini?"

Nilimjibu kwa adabu inayostahili. Sauti ilitoka kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. "Sema kwa nguvu!" Sauti haikuongezeka. Basi nikafanya nilichozoea kufanya maisha yangu yote ninaposhindwa kusikika: nikatafuta karatasi. Niliingiza mkono katika mfuko wa ndani wa koti.

Mbele ya bariyeri! Mtu mzima, mwenye akili zake!

Bunduki tatu. "Mukono inje! Mukono inje!" Nami nilitaka kuutoa. Mola wangu shahidi, nilitaka. Amri ilikwenda. Mkono ulikaa pale pale, umeshika karatasi, haukwenda mbele wala nyuma. Niliona kidole cha yule kijana kwenye chuma cha kufyatulia. Mama mmoja wa basini alipiga kelele kwa Kirundi: ni umugwayi! — ni mgonjwa! Sajini akaja mwenyewe, akaushika mkono wangu, akaung'oa kama mtu anayeng'oa msumari.

Akaikunjua hati yangu. Akaisogeza karibu na macho, akaiweka mbali. "Nani anaandikaga kadogo hivi? Hii ni barua ya siri. Watu ya kule musituni ndio wanaandikaga hivi, wanaficha mu kiatu."

Nilisema ni mwandiko wangu, mimi ni mwandishi wa barua. Alitazama kitambulisho: saini yangu ya zamani, pana kama bawa. "Na hii? Mutu mumoja?"

Amebaki na vyote viwili. Jumatatu niripoti kwenye ofisi ya vitambulisho. Nilirudi kwa miguu mpaka Buyenzi, kwa njia za ndani zisizo na bariyeri. Saa tatu nzima barabarani. Nimeandika hati ili askari aisome, na askari hakuweza kuisoma. Nimechoka. Hata kukasirika kunataka nguvu ambayo sina.

Jumamosi, 14 Machi 1998

Ndani. Bila karangamuntu mtu hatoki. Meza yangu ipo ng'ambo ya bariyeri mbili.

Jumatatu, 16 Machi 1998

Atumani alinipeleka ofisini kwa gari la mteja wake, yeye akizungumza na askari, mimi nikiwa nimekalia mikono yangu.

Karani ni yule yule wa mayai ya chawa — ameutambua mwandiko wa barua ya Mathilde! Anaitwa Valéry. Ana mafua, na hula karanga kutoka kwenye kisahani cha kalamu. Si mtu mbaya. Alinipa kiti kabla sijaomba.

Mezani pake alikuwa na vitu vitatu: kitambulisho changu, hati yangu, na fishi yangu, kadi ya kujiandikisha ya mwaka 1984, iliyotolewa kabatini. Saini ya fishi nilikuwa nimeisahau. Jina kamili, na mkia uliopita chini yake mara tatu. Niliifanyia mazoezi mwezi mzima kabla ya kwenda kujiandikisha.

"Muzee, hii ni mikono mbili," alisema. "Moja ni ya mutu mukubwa, moja ni ya panya."

Nilimweleza habari za mahali peusi na dopamini. Alisikiliza, akitafuna. Alisema baba yake mkubwa alikuwa anatetemeka hivyo hivyo, wakasema ni pombe ya ndizi, wakamzika na jina hilo.

Lakini utaratibu ni utaratibu, na ninaukubali, maana nimeishi nao. Niko mbele ya njia tatu. Ya kwanza: Alhamisi niandike mbele yake, naye aone kwamba mkono wa fishi na mkono wa hati ni mmoja. Ya pili: nitie kidole gumba katika wino, kitambulisho kipya kitoke siku hiyo hiyo, na mahali pa saini kigongwe muhuri wa maneno "hajui kusaini". Ya tatu: nisifanye lolote, na hati ipandishwe kwa watu wa usalama.

"Mi ningetia kidole," alisema kwa upole. "Kidole haitetemi."

Hajui kusaini! Kibali cha meza yangu hutolewa kwa mwenye kitambulisho chenye saini. Na hata kama si kibali. Mathilde na wenzake waketi mbele ya mwandishi ambaye serikali imethibitisha kwamba hajui kuandika jina lake?

Jumanne, 17 Machi 1998

Nimetia saini mara sitini na nne. Nimezihesabu moja moja. Nikiiandika kama zamani, kwa mkupuo, inaanza na D nzuri na kuishia kama uzi uliokatika. Nikiifikiria kila herufi, inakuwa kubwa lakini si yangu; ni ya mtoto wa shule anayeogopa fimbo.

Mama Assia alikusanya karatasi sakafuni. Kisha akasema.

"Tia kidole, Baba Assia."

Nilimwambia haelewi. Alisema anaelewa sana: Ijumaa niliondoka na koti, na nusura lirudi koti peke yake. Nilisema jina langu. Alisema jina langu analijua yeye, analijua Assia, analijua mtaa mzima, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona ile fishi. Nilisema nimejitoa bandarini kwa kalamu. Akaketi.

"Mi sikuolewa na kalamu," alisema.

Tumekula. Wali mkavu. Yeye pia hakuweka maharage katika sahani yake.

Jumatano, 18 Machi 1998

Mpaka wa Gatumba umefungwa tangu Jumamosi, hakuna mzigo unaovuka. Daktari amemtuma mtu na barua ya Kifaransa inayothibitisha maradhi. Vidonge hana.

Siku tatu nilizokaa ndani sikumeza, ili vitoshe; kimebaki kipande kimoja, nusu. Leo sikumeza. Leo nzima nimekuwa kama mlango uliovimba kwa mvua. Kuvaa shati: dakika thelathini. Vifungo amenifunga Mama Assia, akitazama pembeni ili nisione kwamba anaona.

Kesho saa mbili na nusu kamili nitameza. Ofisi hufunguliwa saa mbili. Hesabu yangu: saa tatu na nusu mkono utakuwa umetulia, na utakaa hivyo mpaka saa saba. Inatosha.

Alhamisi, 19 Machi 1998

Saa tano na robo. Kwenye benchi la ofisi. Nilimeza kwa wakati. Saa tatu na nusu mkono ulikuwa tayari — ningeweza kumwandikia waziri. Karani hayupo. Wanasema amekwenda kuchukua fomu. Mama Assia yuko kando yangu.

Saa sita. Amekuja, ana mafua zaidi. Walio mbele yangu ni kumi na mmoja. Nilimwomba Mama Assia asiende kuwasihi wanipishe. Amekwenda. Wawili wamekubali. Mmoja amesema kila mtu hapa ana ugonjwa wake.

Saa saba kasorobo. Ralenti imeanza. Kidole gumba.

Saa saba na dakika kumi. Naandika haya ofisini mwa Karani Valéry, mbele yake, kwa agizo lake. Ameisoma barua ya daktari na kuiweka kwenye jalada. Amesema barua ni nzuri lakini haandiki daktari, naandika mimi. Fomu alizokwenda kuchukua hakuzipata, karatasi nyingine hana. "Andika mu kaye yako, muzee. Kitu chochote. Hata kama ni jana ulikula nini. Mi niangalie mukono tu."

Hakuna mtu aliyewahi kulisoma daftari hili. Nimemwomba asifunue kurasa za nyuma. Amekubali, ameweka kiganja juu yake.

Jana nilikula wali mkavu. Leo sijala. Jina langu ni Djibril Ramadhani, nilizaliwa Buyenzi, nimeandika barua za watu kwa miaka kumi na tisa. Nafikiria kila herufi kabla ya kuiweka, kama nilivyofundishwa kuvuka chaki.

Karani amezunguka meza, amesimama begani pangu. Anasoma kwa sauti huku nikiandika. Pumzi yake ina karanga — nadhani, mimi siisikii. Ameilinganisha D hii na D ya fishi. Amesema "hmm". Ameilinganisha na ile ya hati. Amesema "hmm" tena, lakini kwa sauti nyingine.

Mama Assia yupo mlangoni. Watu wa benchi wamesogea, wanachungulia. Yule aliyesema kila mtu ana ugonjwa wake amesema, "Mupeni nafasi muzee aandike."

Kisanduku cha wino kimefunguliwa. Kiko karibu na kiwiko changu. Mkono umeanza kuwa mzito, nahisi herufi zinajikusanya, kila moja inamkumbatia mwenzake.

Karani ameinama. Amefuatisha mstari huu kwa kidole. "Hapa mbele ilikuwa muzuri, muzee, nilikuwa naona. Hapa sasa inaniponyoka. Inatosha?"

Nimemwambia haitoshi. Hakusikia. Nimemwonyesha kwa kalamu: hapa, subiri, bado. Amenyoosha mkono kuchukua wino, kisha ameuacha hewani, ananitazama.

Naanza mstari mpya, kwa D, herufi moja moja, kama mistari ya chaki.